Kibao cha Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa wa surua? Paukwa!

Pakawa!

Ziliondoka herufi, zikajenga neno, zikakaa. Msomaji akaingia, wa kumtoa hakutokea.

Kwanza niwaombe radhi. Ngano hii nitaiharibu. Marehemu bibi yangu akiisimulia, kuku walisahau kutaga. Mimi nikiisimulia, kuku wanahama. Isitoshe, kipande chake kimoja kimepotea mikononi mwangu, na kilivyopotea nitawaambia mwishoni, nikiwa nimeshausogelea mlango.

Basi hapo kale, kijiji cha Kwamshindo kilikuwa na kisima kikavu, na kisimani lilikaa zimwi. Siku moja likammeza Maalim Faki, mwalimu wa kijiji. Likammeza na kilemba chake, na bakora yake, na chaki yake. Hata maji ya kushushia halikunywa.

Elimu ya Maalim ikaliingia damuni. Lakini tegeni sikio hapa. Maalim alikuwa na masomo mawili. La kwanza, herufi. La pili, kujua unachokisoma ni kitu gani: amri au barua, tangazo au hadithi. Zimwi lilimmeza somo la kwanza lilipokwisha. Hilo la pili halikulipata. Basi kila lilichokisoma lilikitii, na kila lilichokiandika kwa chaki ile kilitiiwa.

Adhuhuri, jua la utosi, kuku kimya chini ya maghala, ungesikia: kwaruu, kwaruu, kwaruu. Chaki inaandika mlangoni. Mkono huuoni. *Fulani, njoo kisimani.* Mwenye jina akisoma tu, miguu inaondoka naye. Akaenda Kibwana mfinyanzi. Akaenda Tausi msusi. Akaenda Mzee Chande, ambaye miguu yake ilikuwa haijamfikisha hata chooni kwa miaka miwili. Siku hiyo alikwenda mbio.

Hakurudi mtu.

Watu wakaogopa kusoma. Wakaanza hata kujisifu.

"Mimi, shoga, sijui hata alifu!"

"Alifu? Mwenzio hata be nimeitapika!"

Ila Bi Mwanasha. Bibi wa miaka sitini na mitano, kafundishwa kusoma na mke wa mwanawe, Siwema, aliyekuwa mwanafunzi wa Maalim. Alipojua, hakushikika. Alisoma gunia la unga. Alisoma karatasi ya sabuni. Alisoma kanga za watu kwa sauti, mpaka wanawake wenye mafumbo yao wakawa wanapita nyuma ya nyumba.

"Mama," Siwema akamwambia, "ukiona chaki, fumba macho."

"Nifumbe? Miaka sitini nimefumba, mwanangu. Juzi tu ndiyo nimefumbua."

Sikio la kufa, jamani, mnalijua.

Adhuhuri moja, kwaruu, kwaruu, kwaruu. Bi Mwanasha akausogelea mlango, kidole juu ya herufi, anatabasamu kama bibi harusi.

"Mwa-na-sha bin-ti He-ri... Siwema! Njoo uone, wameniandika jina! Njoo ki-si-ma-ni..."

Tabasamu likabaki usoni. Miguu ikaondoka.

Siwema akamvuta kanga. Kanga ikabaki mkononi, mama mkwe akaenda. Kizingitini palikuwa na kipande cha chaki, cha moto kama yai lililotagwa sasa hivi. Siwema akakiokota, akanyakua kibao chake, akatimua mbio.

Alimkuta bibi kasimama ukingoni mwa kisima, vidole vya miguu vinaning'inia. Na kutoka chini ikaja sauti. Si ya zimwi. Ya Maalim Faki.

"Nani amechelewa darasani?"

Siwema akakikumbatia kibao chake. Sauti ile ndiyo iliyomfundisha alifu.

"Labeka, Maalim. Mimi Siwema. Nina kazi ya kusahihishwa."

Kisimani kikapanda kichwa, upana wake kama sinia la walima, na juu yake kilemba cha Maalim, kidogo kama kifuniko cha buli. Mwalimu gani atakataa kusahihisha? Hata akiwa tumboni!

"Mama, fumba macho!"

"Nimefumba, mwanangu. Ila andika upesi, miguu inaniwasha."

Siwema akaandika barua. *Mimi ni mzima. Hofu ni kwako wewe, uliye mbali na upeo wa macho yangu.* Zimwi likasoma. Fyuu! Likarushwa hadi ng'ambo ya kilima, mbali na upeo wa macho. Siwema akashusha pumzi. Lakini ardhi ikaanza kutetemeka: du, du, du. Linarudi! Kumbe mkono uliolelewa na Maalim ulikuwa umemalizia barua kwa adabu: *Nasubiri majibu yako haraka.*

"Majibu ninayo," zimwi likasema, likilamba herufi zote kibaoni.

Bibi akasogea hatua. Kisigino kimoja ndicho kilichobaki juu ya jiwe la ukingo.

Siwema akaandika mapishi. *Menya vitunguu. Katakata. Kaanga mpaka viive.* Zimwi likasoma, likaanza kumenya. Vitunguu havipo. Linamenya hewa, linakatakata hewa, na machozi yanalitoka, na kilio ni cha Maalim: "Siwema... Siwema... humu kuna giza..." Wacheni kucheka nyinyi, mimi mwenyewe hapa mwili unanisisimka. Lakini mapishi nayo yana mwisho wake, na mkono ukawa umeshauandika: *Chakula tayari. Karibuni.*

Zimwi likapanua kinywa. "Ahsante, nimekaribia."

Ndipo Siwema akakumbuka somo la pili. Barua mwisho wake huita. Mapishi mwisho wake hualika. Ni maandishi gani ambayo mwisho wake hufunga?

Akageuza kibao, upande wa pili.

*Hapo zamani paliondokea zimwi. Likawatapika wote waliokuwa hai. Likaingia ndani ya hadithi hii. Hadithi kikomo, aliyemo humohumo, mlango nautia komeo.*

Zimwi lingekuwa na somo la pili lingejua: hii hadithi tu. Halikuwa nalo. Likasoma, likaamini. Akatoka Kibwana. Akatoka Tausi. Akatoka Mzee Chande, analalamika mgongo. Kisha likanywea, likanywea, likanywea, likaingia kibaoni kama moshi unaorudi jikoni.

Maalim hakutoka. Alikuwa wa kwanza kumezwa, hakuwa hai tena. Lakini pembeni ya hadithi, bila mkono, ikasikika: kwaruu. Alama ya vema. Siwema akaijua ni ya nani, akalia.

"Nifumbue sasa?" akauliza Bi Mwanasha.

"Fumbua, mama. Usome."

Kibao kikafungwa kwa kanga, kikarithiwa, kikarithiwa, kikarithiwa, mpaka kikanifikia mimi. Na mimi, wajomba na shangazi zangu, nina njaa. Nikafungua kanga, nikaona upande wa mapishi. Nikasema, lo! Kumbe bibi aliniachia kibao cha jikoni! Nikageuza upande wa pili, nikaufuta vizuri kwa mkono wa kanzu, nikaandika: vitunguu, chumvi, mafuta.

Hadithi kikomo, aliyemo...

Jamani, aliyemo wapi? Humo mna vitunguu!

Kesho adhuhuri mkisikia kwaruu mlangoni, fumbeni macho, na zimwi msilitukane. Lenyewe lilikosa somo la pili kwa sababu lilimmeza mwalimu. Mimi mwalimu wangu yuko hai mpaka leo.