Kicheche na Chupa ya Mchaichai

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa chungu, chungu kina kifuniko, kifuniko kina tundu.
— Funua tunuse!

Hapo zamani za kale, Kicheche alimpenda Sikudhani, binti wa Pimbi. Na Kicheche mnamjua: akishtuka tu, hutoa harufu ya kufukuza nyoka shimoni.

Akaenda kuposa. Mzee Pimbi akakohoa. Kicheche akashtuka. Nyumba nzima ikatoka nje mbio.

"Shikamoo, baba," Kicheche akasema kwa aibu.

"Marahaba, lakini simama hukohuko! Pango letu lina mlango mmoja. Nikikuoza binti yangu, tutapumulia wapi?"

Kicheche akaenda kwa Bi Nungunungu, fundi wa manukato. Akamkuta anachemsha mchaichai. Tundu la kifuniko limechomekwa mwanzi, na mwanzi umepitishwa kwenye maji baridi.

"Mvuke huiba harufu ya majani," bibi akasema. "Ukifika penye baridi hugeuka maji, na mafuta huelea juu. Chukua chupa hii, mjukuu wangu. Matone matatu ndani ya kikombe cha mafuta ya nazi. Matatu!"

"Nimesikia, bibi."

Alisikia, hakusikiliza. Njiani akawaza, "Matatu ni ya mnukaji wa kawaida. Mimi je?" Akajimwagia kichwani, akajimwagia kifuani, akajimwagia mkiani. Chupa tupu.

Looo! Ngozi ikawaka. Akajitosa mtoni: maji yakateleza, mafuta yakabaki. Akagaagaa mchangani: mchanga ukaganda, mafuta yakabaki. Akajisugua kwa majani: majani yakachanika, mafuta yakabaki. Akakimbilia kwa Pimbi akilia, "Naungua mie! Naungua mie!"

Sikudhani akatoka na mafuta ya nazi. Akampaka, akamfuta, akampaka, akamfuta, akampaka, akamfuta.

"Mafuta hayasikilizani na maji," akasema. "Mafuta hufuata mafuta. Kumbe umejichoma kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya pua ya baba yako."

Mzee Pimbi alikuwa ameketi mlangoni, anangoja mbu wa jioni waje kumla kama kawaida yao. Mbu wakaja, wakanusa mchaichai wa Kicheche, wakageuza. Mzee akajitazama mikono: haina hata kipele.

"Sikudhani!"

"Abee, baba."

"Huyu mumeo atalala mlangoni!"

"Mume wangu, baba?"

"Sasa nimesema nani?"

Harusi ikafanyika. Dawa ni kipimo, jamani; ukizidisha, ni moto.

Hadithi imechemka, chungu nimekiepua. Mwenye pua amenusa. Mwenye mafua asinilaumu.