Ndiyo za Mlangoni

Hapo zamani, wala si zamani sana, kwa maana watu walikuwa wamekwisha kujua kupiga kura, kulikuwa na nchi ndogo ya milimani iliyoitwa Kirumbi. Kirumbi ilikuwa imeunganishwa na nchi kubwa ya Mapana, kama mtoto aliyefungwa mgongoni. Na mtoto huyo alikuwa amekwisha kuota meno, anataka kushuka atembee.

Warumbi waliulizwa mara ya kwanza: je, mnataka kujitawala? Wakapiga kura, na katika kila watu kumi, sita wakasema Hapana. Ikapita miaka minane. Mapana ikakubali waulizwe mara ya pili, tena wachague wenyewe tarehe, ama mwaka ule kabla ya mavuno, ama mwaka unaofuata. Lakini kulikuwa na sharti. Wakishindwa tena, Mrumbi mmoja atatia sahihi karatasi ya kuahidi kwamba hawatauliza tena kwa miaka arobaini.

Sharti hilo lilikuwa zito, kwa sababu Warumbi hawaiiti miaka kwa namba. Huiita kwa majina ya watu. Mwaka wa njaa una jina la aliyekula mbegu. Mwaka wa daraja una jina la fundi aliyelijenga. Kwa hiyo kila mtu alijua kwamba miaka hiyo arobaini itaitwa kwa jina la atakayeshika kalamu, na kila mtoto atakayezaliwa humo, akiulizwa umri wake, atalitaja jina hilo.

Kampeni ya Ndiyo iliongozwa na Kalunde, mwanamke wa makamo aliyeweza kuutuliza mkutano kwa kukohoa tu. Kalunde alisema mara ya kwanza walishindwa kwa sababu walipiga kelele viwanjani. Safari hii wangekwenda mlango kwa mlango, waulize kwa upole, waandike majibu.

Kazi ya kuuliza na kuandika akapewa Lubango, kijana aliyezaliwa na kusomea hesabu huko Mapana, akarudi Kirumbi kwa mapenzi ya nchi ya wazazi wake. Lubango akatengeneza daftari lenye safu mbili, Ndiyo na Hapana. Akamwambia Kalunde: tukipata Ndiyo sita katika kumi, chagua tarehe ya karibu. Tusipopata, tungoje mwakani, tukae na wenye hofu tuzungumze nao.

Na kwa kuwa Lubango hakujua njia za milimani, alipewa Nyamizi amwongoze. Nyamizi alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa milima ile aliwapokea yeye kwa mikono yake.

Wakaenda. Wakafika kwa Magoma, mkulima wa viazi. Magoma akawakaribisha, akawapa viazi na maziwa. Lubango akauliza. Magoma akasema, "Ndiyo, mwanangu, kwa nini isiwe ndiyo?" Lubango akaandika Ndiyo. Wakaaga, wakaondoka.

Wakafika kwa mjane aliyekuwa akipokea pensheni ya mumewe kutoka Mapana. Akawapa uji wa ulezi. Lubango akauliza, mjane akasema ndiyo, Lubango akaandika Ndiyo. Wakaaga, wakaondoka.

Wakafika kwa mfua chuma na mkewe. Wakapewa mahindi ya kuchoma. Mume akasema ndiyo, mke akasema ndiyo sana. Lubango akaandika Ndiyo mbili, akafurahi. Wakaaga, wakaondoka.

Nyamizi hakuangalia daftari. Aliangalia miguu. Maana Mrumbi hamwambii hapana mgeni aliye mlangoni pake. Kwao hilo ni sawa na kummwagia maji. Akikubaliana nawe, atakusindikiza. Atakubebea mfuko, atakufikisha kijitoni, mtaagana mara tatu. Asipokubaliana nawe, atakupa chakula kizuri, atasema ndiyo, kisha atabaki kizingitini akikupungia mkono. Hata wajumbe wa posa hujua jibu lao kabla hawajafika njia panda. Na siku ile Lubango na Nyamizi walirudi peke yao kutoka nyumba nyingi, na siku ya pili, na wiki ya tatu.

Basi katika mkutano Nyamizi akasimama, akasema kwamba ndiyo hizi yeye hazimpendezi. Kalunde hakumwacha amalize. "Bi Nyamizi, mwenye shaka akae nyumbani. Shaka huambukiza kama surua." Watu wakacheka. Nyamizi naye akatabasamu, akaketi, akajifunika khanga vizuri. Tangu siku hiyo aliendelea kuongoza njia, lakini hakusema neno tena.

Daftari likajaa. Ndiyo zilikuwa sita katika kila wapiga kura kumi, na kidogo juu yake; waliobaki hawakukutwa nyumbani. Hata hivyo Kalunde hakutulia. Kabla ya kuitangaza tarehe alikwenda nyumbani kwa Nyamizi, peke yake, akaketi, akala, akauliza kama watashinda. Nyamizi akamwongezea chakula. Kisha akasema, "Ndiyo, mwanangu."

Kalunde akaaga. Alipofika kwenye uzio aligeuka, akamwona Nyamizi amesimama kizingitini, anapunga mkono. Alishuka kilima peke yake. Moyoni akasema, mama wa watu ni mzee, magoti yanamuuma. Lakini alijua kwamba magoti yale yalikuwa yamepanda milima miezi mitatu. Alijua pia jambo lingine, ambalo hakupata kumwambia mtu: mwakani ungefanyika uchaguzi wa uongozi wa kampeni, na huenda kiti chake angekikalia mwingine siku ya ushindi.

Kesho yake akatangaza tarehe ya karibu.

Wakashindwa kwa kura mia tatu na kumi na mbili.

Asubuhi iliyofuata karani wa Mapana, mtu mpole asiye na kosa lolote, koti lake limelowa mvua, akaja ofisini walimokuwa Kalunde, Lubango na Nyamizi. Akaweka karatasi mezani, na kalamu juu yake. Alitaka jina moja tu.

Wakati huo huo akaingia Magoma na kikapu cha viazi, amekuja kuwapa pole. Lubango akamkabili. "Mzee Magoma, uliniambia ndiyo mara tatu."

"Mara nne," Magoma akamsahihisha. "Umesahau ile siku ya mvua. Sasa ulitaka nikuvunje moyo, umelowa, una njaa, uko mlangoni kwangu? Binti zangu wawili wanafanya kazi Mapana. Nilikuwa nangoja mtu aniulize watarudije kunitazama tukishatengana. Hakuna aliyeniuliza. Mngeniuliza, tungezungumza hata mwaka mzima, na labda ningewasindikiza."

Akaweka kikapu chini, akatoka. Hakuna aliyekigusa.

Lubango ndiye aliyesema kwanza. Alisema hesabu ilikuwa yake, na nchi imeanguka kwa sababu ya hesabu hiyo. Lakini aliandika alichosikia, hakuongeza hata moja. Angejuaje kwamba huku jibu liko miguuni, wakati aliyelijua alikuwa akitembea mbele yake? "Nikiandika jina langu," akasema, "watasema aliyetuponza ni yule aliyekuja kutusaidia."

Nyamizi akavuta karatasi upande wake. "Nilijua," akasema. "Nilichekwa mara moja, nikainyima nchi nzima neno langu. Kalunde alipokuja kwangu nilimpa ndiyo ya mlangoni kama mgeni yeyote. Nilitaka ashuke kilima kile peke yake aone uchungu wake. Watoto wa miaka hiyo ningewapokea mimi. Niandike mimi."

Kalunde akaweka mkono juu ya karatasi. "Hapana, Bi Nyamizi. Sikuwa mgeni. Nimezaliwa hapa. Niliona miguu yako imebaki kizingitini, na nikaielewa." Alitaka kuongeza lile jambo la kiti. Akasema tu, "Tarehe niliichagua mimi."

Karani akatazama mvua dirishani, asiwaharakishe.

Basi karatasi ilikuwa imeshikwa na mikono miwili, na wa tatu ulikuwa karibu, nayo kalamu hakuna aliyekuwa ameinyanyua. Nanyi mliosikiliza, mmewaona wote watatu, hata lile ambalo Kalunde hakulisema mmelisikia. Katika milima ile kuna mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, na mwanawe ndiye atakayekuwa wa kwanza kuzaliwa katika miaka hiyo. Je, mtoto yule anastahili kulibeba jina la nani?