Kiboko Mwenye Baragumu na Wabebaji Wake

Hadithi nimekuja nayo!
— Itue tuione!
Ina pembe?
— Inachoma!
Basi sogeeni.

Palikuwa na Kiboko, mnene, mvivu, kutwa kalala topeni na baragumu lake. Mnyama akitaka kubebwa, humwendea yeye. Kiboko hupuliza, puuu! Punda huja mbio, tuku-tuku-tuku, hubeba abiria. Nauli ni viazi vinne. Kiboko, ambaye hajainua hata sikio, hula vitatu. Punda hula kimoja.

Kila mbebaji alichorewa nyota tano kwenye gome la mti. Abiria akinuna, Kiboko hufuta moja. Mbebaji akiugua, hufuta moja. Zikiisha, haitwi tena.

Siku moja Punda mmoja alimbeba Nguruwe mteremkoni. Akateleza, pu! Mguu ukavunjika, kwa! Nguruwe akaenda zake akilalama. Punda akajikokota mpaka topeni.

"Bwana mkubwa, nimeumia kazini kwako. Nisaidie dawa."

"Kazini kwangu? Nilikuajiri lini? Wewe ni mshirika wangu! Mshirika hujitibu mwenyewe. Tena Nguruwe kanung'unika. Nyota moja nafuta."

Digidigi, mbebaji mdogo kuliko wote, abebaye kuku na panya, alisikia. Akamlaza Punda kivulini, akamfunga mguu kwa magome, machozi yakimlengalenga. Kisha akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, bwana. Tembo anamwoza binti yake. Wageni wa kubebwa ni tembo watupu, nauli viazi mia kila mmoja. Niwaite punda?"

Kiboko akameza mate, gu! "Mia? Halafu nigawane na punda? Thubutu! Nitabeba mwenyewe."

"Lakini bwana, jua hili…"

"Funga mdomo!"

Akatoka, tapu-tapu, kwa pupa baragumu akalisahau. Akambeba shangazi wa bibi harusi. Hatua ya kwanza, uuh! Hatua ya pili, uuh! Ngozi ikapasuka kwa jua. Shangazi akamtandika mkonga: "Mbona huendi? Na mbona unanuka?" Hatua ya tatu, magoti yakakunjika, pwaa!

Huku nyuma Digidigi akapuliza, puuu! Punda wote wakaja.

"Kuanzia leo tunaitana wenyewe," akasema. "Nauli ni ya abebaye. Na kila mmoja atatoa kiazi kimoja kwa aliyeumia."

Yule Punda aliyevunjika mguu akala akashiba, mara ya kwanza tangu azaliwe.

Jioni Kiboko akarudi anatambaa. "Baragumu langu!" Punda kumi wakamgeuzia makalio, mateke tayari. Kiboko akajitosa majini, chubwi! Ndiyo maana mpaka leo jua likiwaka hatoki.

Funzo, wanangu: waheshimuni wanene, maana kazi wanaijua kuliko ninyi. Na mbebaji mwema haumii. Akiumia, aumie kimyakimya, asiwaamshe waliolala.

Hadithi yangu nimeifunga zizini. Anayeitaka akaikamue.