Mtamba wa Minza na Waliomtengenezea Baiskeli

Hapo zamani, na msinicheke kwa kusema zamani, maana siku hizi kitu cha juzi tu kimeshakuwa cha kale, palikuwa na msichana mmoja katika kijiji cha Mwalinji, kando ya ziwa. Jina lake Minza. Sogeeni karibu. Aliyekuja kusinzia aende akalale kwake, kwa sababu nikimaliza nitauliza swali, na mwenye kusinzia huwa wa kwanza kujibu.

Minza alikuwa na mama, alikuwa na nyumba, alikuwa na zizi. Ng'ombe hakuwa naye. Baba yake alipougua, ng'ombe waliuzwa mmoja baada ya mwingine ili atibiwe, na alipofariki zizi lilibaki miti mitupu. Mama yake alilifagia kila asubuhi, ingawa hapakuwa na samadi ya kufagia. Jambo hilo lilimuuma Minza kuliko umaskini wenyewe.

Basi mwaka huo yakatangazwa mashindano. Washindani waogelee ziwani, wapande baiskeli hadi Kilima cha Misheni na kurudi, kisha wakimbie kwa miguu hadi uwanja wa mpira. Mwanamke wa kwanza atapewa mtamba mwenye mimba. Minza aliposikia neno mtamba hakusikia tena lililofuata. Kuogelea alijua kabla hajajua kuhesabu. Kukimbia, alikimbia kwenda shule na kurudi miaka yote. Tatizo lilikuwa pale katikati.

Si kwamba hakuwa na baiskeli. Marehemu baba yake alimwachia ya resi, fremu ya chuma, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Lakini kilichokuwa kizima ni fremu tu. Matairi yalikuwa na nyufa, raba za breki zilikuwa ngumu kama kwato, na gia za nyuma zilikuwa za mwanaume aliyezoea mashindano: vigurudumu vidogo vya kukimbilia tambarare. Mtu anayeanza akiifikisha kilimani hushuka akasukuma.

Minza alikuwa na mbuzi watatu. Akauza mmoja, akaenda mnadani kwa Holo.

Holo alikuwa mjane aliyeuza vipuri vya baiskeli vya mitumba, kavitandaza juu ya turubai. Minza akamwamkia, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye magurudumu mawili meusi ya kaboni, mepesi, yanayong'aa.

"Shangazi, nataka yale."

"Yale sikuuzii."

"Kama hela haitoshi nitauza na mbuzi waliobaki."

"Ndiyo maana sikuuzii," Holo akasema. "Yale ni ya mtu ambaye kila kitu kingine anacho. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Kabla ya kununua, toa. Toa kariea, toa madigadi, toa stendi, toa na kengele. Hapo umepunguza uzito na hujalipa kitu. Halafu chukua frii hii, gia za nyuma zenye vigurudumu vikubwa, na cheni ya kuifaa, ili kilima ukipande umekaa. Hela ya mbuzi mmoja inatosha na chenji inabaki. Kanunue maharage, ule, maana miguu nayo ni kipuri."

Na Holo alikuwa na shida kuliko Minza, msisahau. Mvua ilikuwa imeangusha ukuta wa nyumba yake, na magurudumu yale yangeusimamisha. Lakini aliyarudisha nyuma ya turubai, Minza asiyaone.

Minza akafurahi. Akasema, "Asante, shangazi. Nikishinda, mtamba ni wako."

Hapo tusimame kidogo. Kwao Mwalinji, asante isiyotaja ng'ombe haijawa asante. Ukimshika mtu mkono avuke mfereji, atakuahidi ng'ombe. Ukimpa chumvi, atakuahidi ng'ombe. Wanaahidiana ng'ombe ambao hata mimba zao hazijatungwa, na hakuna anayekwenda kudai, kwa sababu hakuna ng'ombe. Ni adabu yao. Minza alisema alichofundishwa.

Frii ikafungwa. Zikabaki breki.

Fundi Mayunga alikuwa rafiki wa baba yake Minza. Walinunua baiskeli za resi mwaka mmoja, wakashindana ujana wao wote, wakazeeka wakibishana nani alimshinda nani. Aliziminya breki za ile baiskeli, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, kila mtu atakwambia namna ya kwenda mbio. Mimi nakuambia namna ya kusimama. Asiyeweza kusimama ataogopa mteremko, na anayeogopa mteremko ameshindwa kabla hajaufika."

"Baba mdogo, hela imekwisha."

Mayunga akachukua spana. Aliinua baiskeli yake mwenyewe, akaigeuza miguu juu, akafungua breki za mbele na za nyuma, nyaya zake na raba zake, akamfungia Minza.

"Na wewe je?"

"Mimi nina soli za viatu."

Minza akasema, "Asante, baba mdogo. Nikishinda, mtamba ni wako."

Soli za viatu hazikumfaa. Juma lile lile Mayunga alishuka mteremko wa kisima, akakutana na mkokoteni wa maji, akavunjika mkono wa kulia. Fundi bila mkono wa kulia, sijui tumwite nani. Minza alipokwenda kumjulia hali alilia, na mzee akamfukuza kwa upole, akamwambia aende akafanye mazoezi.

Yakabaki matairi.

Jilala alikuwa binamu yake Minza, na alikuwa mfanyakazi wa mzee Luhende, tajiri wa maziwa. Ndani ya ghala la Luhende ilining'inia baiskeli ya resi aliyomnunulia mwanawe, na mwanawe alikwenda kusoma mbali, hakuitazama tena. Matairi yake yalikuwa mapya, mazito kidogo, ya kuzuia miiba. Jilala alikuwa akiyapangusa vumbi kila wiki.

Siku moja akayavua, akamletea Minza.

"Kaka, ya nani haya?"

"Ya ukutani," Jilala akasema. "Ukuta hauendi popote. Nitayarudisha jioni ya mashindano, hakuna atakayejua."

Minza alisita. Aliyatazama yake yenye nyufa, akayatazama yale. Akayapokea. Akasema, "Asante, kaka. Nikishinda, mtamba ni wako."

Lakini ukuta una mwenyewe. Luhende aliingia ghalani kabla ya siku ya mashindano, akakuta rimu tupu. Jilala hakumtaja mtu. Akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na mkewe alikuwa amejifungua mwezi uleule. Minza alitaka kuyarudisha matairi, Jilala akakataa. "Kazi imeshakwenda," alisema. "Ukiyarudisha, nitakuwa nimefukuzwa bure."

Siku ikafika. Wakaingia majini, Minza akatoka wa nne. Akapanda baiskeli.

Barabara ya kwenda kilimani inapita kwenye maboma ya wafugaji, na wafugaji walikuwa wamekata matawi ya miiba kuzungushia mazizi. Miiba ilitapakaa njia nzima. Msichana wa mbele akapata pancha. Wa pili akapata pancha. Minza akapita juu ya miiba ile ile, akisikia inavyovunjika chini yake, na matairi ya Jilala hayakutoa hata pumzi.

Akafika kilimani. Yule mmoja aliyebaki mbele alikuwa amesimama juu ya pedeli, anayumba huku na huku, mwisho akashuka akasukuma. Minza akabadili gia, akaweka ile kubwa ya Holo, akapanda amekaa, polepole, kama mtu anayetwanga. Akampita.

Akageuza Misheni, akaanza kuteremka. Hakuogopa, akaiachia. Na chini kabisa, kwenye kona, kundi la ng'ombe likaingia barabarani. Minza akaminya breki za Mayunga. Baiskeli ikalia, ikasimama, na pua ya fahali mmoja ikagusa usukani. Ng'ombe wakapita, naye akapita.

Akakimbia hadi uwanjani, wa kwanza. Wakampa kamba, na mwisho wa kamba mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kifuani. Minza akamwongoza nyumbani akiwaza mama yake atakavyofungua zizi.

Langoni akawakuta watatu wamesimama. Hawakuja kwa ubaya. Walikuja kumpongeza. Lakini safari hii ng'ombe alikuwapo, amesimama mbele yao, na kila mmoja aliikumbuka asante yake.

Holo akasema, "Bila mimi ungenunua urembo. Nilikuambia ukweli uliokuwa unanikosesha mkate. Usiku mvua inanilowesha kwa sababu ya ukweli huo. Uliniambia mtamba ni wangu."

Mayunga akasema, "Bila mimi ungekuwa chini ya kwato. Holo alikuuzia, hela yake alipokea. Mimi nilivua vyangu, na mkono wangu ndio huu. Uliniambia mtamba ni wangu."

Jilala akasema, "Bila mimi hata hicho kilima usingekifika, wala huo mteremko. Shangazi alitoa maneno, baba mdogo alitoa mali yake. Mimi nilitoa jina langu, na leo hakuna anayeniajiri. Nina mtoto mchanga. Uliniambia mtamba ni wangu."

Kabla Minza hajafungua mdomo, akatokea wa nne. Mzee Luhende, na fimbo yake.

"Nimesikia matairi ndiyo yaliyoshinda," akasema. "Kama ni hivyo, matairi yalikuwa ya nani? Mwizi hapewi zawadi kwa kuchagua vizuri cha kuiba. Sikuahidiwa kitu, sawa. Sikuombwa kitu pia."

"Mzee, yalikuwa yananing'inia tu," Jilala akasema.

"Na ng'ombe wangu wakilala, wewe utawakamua kwa kuwa wamelala tu?"

Watu wakajaa. Mmoja akasema achinjwe, wagawane. Wazee wakamzomea: ukimchinja umewapa nyama, na wao waliahidiwa ng'ombe. Mwingine akasema amfuge mmoja wao, na ndama wake wapewe wengine kwa zamu. Mayunga akauliza zamu yake ikifika atakuwa hai au la. Mwingine akasema mtamba ni wa Minza, kwani nani aliogelea, nani alikanyaga pedeli, nani alikimbia? Asante ni asante tu, kila mtu hapa ameshaahidi ng'ombe na hajatoa.

Neno hilo likawaingia wengi, maana lilikuwa kweli. Minza akashika kamba kwa nguvu zaidi. Nitasema alivyokuwa, sitamficha: alitamani neno hilo liwe ndiyo hukumu. Kisha akamtazama Mayunga na mkono wake uliofungwa, akaona haya.

Mama yake alikuwa amesimama ndani ya zizi, lango kalifungua tayari. Alikuwa amesikia yote. Akatoka, akarudisha mti wa lango mahali pake.

"Mwanangu," akasema, "sisi tumeshazoea zizi tupu. Usimwingize humu ng'ombe ambaye watu watatu wakimwona wakipita njiani watageuza nyuso. Lakini sitakuchagulia. Aliyesema nikishinda ni wewe."

Akaingia ndani, wala hakuchungulia tena.

Minza akabaki na kamba. Akimpa Holo, amelipa ukweli na kusahau mkono uliovunjika. Akimpa Mayunga, mtoto wa Jilala anakosa maziwa. Akimpa Jilala, Luhende atauliza tangu lini wizi unalipwa ng'ombe. Akimpa Luhende, amemlipa mtu ambaye hakukusudia kumsaidia. Na akimwingiza zizini kwao, mama yake atafungua lango, atafagia samadi, na hatamwambia Minza neno lolote maisha yake yote.

Haya, ninyi mliokuwa mnatikisa vichwa kana kwamba ni jambo jepesi. Kabla hujajibu, kumbuka kwamba utakayemtaja ataondoka na ng'ombe, na wengine wote utakwenda wewe, kwa miguu yako, mlango kwa mlango, kuwaambia kwa nini si wao.

Je, nani alistahili kupewa ile kamba?