Sultani Aliyebeba Mlango Wake

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akinunua punda kijiji kizima humwendea kumpa hongera, ilikuwako nchi ya mashamba iitwayo Mirindani. Mji wake ulikuwa mmoja tu, wa sultani, nao ukubwa wake ulikuwa wa majivuno. Kwingineko kote vilikuwa vijiji, na katika kila kijiji lilisimama jengo la mawe na chokaa lililoachwa na wahenga: hapa ghala la mtama, pale ngome ya walinzi, kule nyumba ya ushuru ambayo haikumtoza mtu ushuru tangu enzi za mababu. Watu waliyapita majengo hayo kila siku wala hawakuyatazama, kama mtu asivyoitazama pua yake.

Katika kijiji cha Kivumoni aliishi maskini mmoja, jina lake Kombo Makweche. Lakabu hiyo aliipata kwa sababu kila alichovaa kilikuwa kimekwisha kuchakazwa na wenziwe. Nyumba yake ilikuwa kinu cha zamani cha kukamulia mafuta ya ufuta. Ngamia wa kukizungusha alikufa zamani, na kuta zilikuwa na nyufa za kupita paka. Lakini Kombo alizaliwa humo, na mama yake alifia humo, na mvua ikinyesha kuta zile zilinukia ufuta, naye akadhani mama yungali jikoni. Basi alikipenda kinu kile mapenzi ya kweli, wala hakuwa na kitu kingine duniani.

Ikawa siku moja Sultani Badrani akapata mgeni, sultani wa nchi jirani. Mgeni akatembezwa mashambani, akala, akashiba, akachokoa meno, kisha akasema, "Ndugu yangu, nchi yako njema, ila majengo yake yamekuwa kama meno ya ajuza."

Maneno yale yakamkaa Sultani kooni kama mwiba wa samaki. Mgeni hajafika mpakani, Sultani akawakusanya wakuu wake barazani, akasema, "Naapa kwa kichwa cha babu yangu! Kila jengo lililo kongwe kuliko ufalme wangu livunjwe kabla ya mwezi wa Idi kuandama. Lisisazwe hata moja."

Kadhi akakohoa, akasema, "Bwana wangu, Mola akupe umri. Tutaujuaje umri wa jengo? Mawe hayasemi."

"Kwani ninyi wageni hapa?" akang'aka Sultani. "Kwa ada yetu nyumba huzaliwa siku ya kusimikwa mlango wake. Mlango uliosimikwa kabla sijakalia kiti hiki, jengo lake chini!"

Na ada ndivyo ilivyokuwa. Watu wa Mirindani walipojenga walianza na mlango. Waliusimika peke yake majanini, kabla ya ukuta wowote, na wapita njia wenye adabu wakaupigia hodi. Siku hiyo mwenye nyumba mwenyewe huishika fremu begani mpaka chokaa ishike, majirani huja kula pilau, kisha yeye huingia na moto, maji na chumvi. Kuta hufuata baadaye, zikipenda.

Kombo alipoisikia amri ile alilia waziwazi, kisha akajifuta kwa kanzu, kisha akaona kanzu imechanika, akacheka. Akaenda mjini kwa miguu, akaanguka mbele ya Sultani.

"Bwana wangu, nisazie kinu changu. Mama yangu alifia humo, nami nina hicho tu."

Sultani akatazama wakuu wake, akawakonyeza. "Ewe Makweche, nasikia wewe ni mwerevu. Basi kirudishie kinu chako ujana kabla ya mwezi kuandama, wala usiongeze jiwe jipya hata moja. Ukiweza, kitasalia. Usipoweza, mawe yake utayaleta hapa kichwani, moja moja."

Baraza zima likaangua kicheko. Waziri alicheka hata kilemba kikamfunika macho.

Kombo akauliza kwa upole, "Naomba kufahamu, Bwana wangu. Amri hii ni ya nchi nzima?"

"Nchi nzima!"

"Na mtu akisimika mlango leo, nyumba yake ina umri gani?"

"Wa leo, ewe mpumbavu! Nenda zako."

"Nimekwenda, Bwana wangu," akasema Kombo, akaondoka mbio hata kiatu kimoja kikabaki barazani.

Alipofika kwake akashika mtaimbo akaung'oa mlango wa kinu, fremu na yote. Majirani wakaja, mikono vichwani. "Masikini Kombo! Hata wabomozi hajawangoja!"

"Acheni kulia, nishikieni ndoo," akasema Kombo. Akachanganya chokaa, akaiweka fremu begani, akaisimika palepale ilipotoka. Pilau hakuwa nayo, akawapa mihogo. Kisha akaingia na moto, maji na chumvi, akatoa kichwa nje akapaza sauti, "Njooni mnipe hongera! Nina nyumba iliyozaliwa leo!"

Habari ikapita vijijini upesi kuliko harufu ya samaki. Basi ungaliona ajabu! Nchi nzima waling'oa milango na kuisimika tena, wakapika, wakapiga vigelegele. Barabarani milango ilipishana, maana wengine waliona kheri wabadilishane kabisa. Bibi mmoja alisimama katikati ya njia na fremu yake begani, watu wakapita humo wakimbishia hodi, naye akawaitikia karibu hadi sauti ikamkauka.

Ila palikuwa na jambo moja. Mlango hausimikwi bila mtu wa kuingia na moto, na majengo ya wahenga hayakuwa na wenyewe. Ikabidi watafutwe. Mwalimu aliyekuwa akifundisha juani akaingia ghalani na wanafunzi wake. Wafumaji mikeka wakaingia ngomeni. Mkunga akachukua nyumba ya ushuru, na tangu hapo watoto wakaingia duniani kwa mlango ule bila kutozwa chochote.

Mkuu wa wabomozi alikuwa Bori, mtu mnyofu asiyejua kupindisha amri. Kila alikofika na nyundo zake aliuliza, "Mlango huu umesimikwa lini?"

"Jana, bwana. Karibu pilau."

Wakakaribia, wakala, wakaenda mbele, wakala. Mwisho wa safari walikuwa hawawezi kuinua nyundo bila kupumzika. Na siku ya mwisho ya amri, jua likiwa limeelemea magharibi, Bori akawa hajavunja hata choo. Akafikiri, akahesabu kwa vidole, akaona limebaki jengo moja tu. Akaliendea, akagonga ukuta kwa nyundo.

Sultani akatoka na kijiko mkononi. "Bori! Umerukwa na akili? Hili ni jumba langu!"

"Mola akupe umri, Bwana wangu," akasema Bori. "Mlango huu ulisimikwa na babu yako. Uliapa kwa kichwa chake, na ukasema lisisazwe hata moja." Akainua nyundo tena.

"Ngoja!" akapiga kelele Sultani. "Ung'oeni mlango! Usimikeni upya, upesi, kabla ya mwezi!"

Na nani aliyekuja nyuma ya wabomozi akifuata pilau? Kombo Makweche, na kiatu chake kimoja. "Ada ni ada, Bwana wangu. Fremu hushikwa na mwenye nyumba."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Sultani akavua joho, akaingia chini ya fremu ile nzito ya mvule, akatweta. Kombo akakoroga chokaa taratibu, huku mji mzima ukija mbio kuona.

"Koroga, Kombo!"

"Nakoroga, Bwana wangu. Haraka haraka haina baraka."

Jasho likamtiririka Sultani, nzi akatua puani pake, naye asiweze kumfukuza. Akageuza shavu kwenye mti, na hapo, karibu kabisa na jicho lake, akaona mchoro uliokwaruzwa kwa msumari: mbuzi mwenye miguu mitano.

Sultani akanong'ona, "Mbuzi wangu." Kisha akapaza sauti, "Huyu ni mbuzi wangu! Nilimchora nikiwa mtoto! Babu akanichapa, kisha akakataza fundi asimfute!" Akacheka hata fremu ikatikisika, akalia, akacheka tena, na watu wote wakacheka naye, hata Bori, ambaye hakuelewa.

"Kombo," akasema akiwa bado amebeba, "nilikuwa karibu kukunyang'anya mama yako, na kujinyang'anya mwenyewe babu yangu. Amri nimeifuta. Yaliyopata watu na yabaki na watu wake. Sema, nikupe nini?"

"Kiatu changu, Bwana wangu."

Akaletewa kiatu, na tena ngamia wa kuzungusha kinu. Wapishi wa jumba wakawapikia watu wote pilau. Mwezi ukaandama, na Sultani Badrani akaingia jumbani kwake na moto, maji na chumvi, akampapasa mbuzi alipopita.

Hekaya imeishia mlangoni. Atakaye kuingia apige hodi.