Sumu ya Fundi Kayitare

Hapa Kamembe, mtu akikukaribisha kinywaji huonja yeye kwanza, ndipo akupe. Ni adabu, tena ni kinga, maana maneno ya sumu huku hayaishi. Lakini ni nani amewahi kuona mume akimwonjesha mkewe chakula cha nyumbani, tena mbele ya watoto?

Fundi cherehani Kayitare alifanya hivyo. Alikuwa akitoka damu chooni, tumbo likimsokota, suruali zikimpwaya hadi akawa anazipunguza mwenyewe. Aibu ikamzuia kwenda zahanati. Akasadiki kwamba amelishwa sumu. Mganga mmoja wa Bukavu akampa dawa ya kutapika. Akatapika hadi nyongo, sumu haikuonekana, na damu ikaendelea kutoka kulekule chini. Kichwa kikamzunguka. Mkewe Mukakalisa alionja dagaa wa sambaza, akaonja mboga ya sombe, akala naye sahani moja, na bado alizidi kunawiri. Basi Kayitare akaamua kwamba mke ana kinga yake ya siri! Jamani, mwenye kushuku hakosi sababu.

Mukakalisa alilia. Kula alikula, afanye nini tena? Mumewe akampigia simu shemeji yake, Muhigirwa wa Rwimbogo, aje amchukue dada yake, kwani talaka iko njiani.

Muhigirwa alikuja amefura. Alipomwona shemeji amebaki mifupa, hasira zikamwisha. Badala ya kumchukua dada, akampakia mgonjwa garini, Mukakalisa naye akapanda, wakaenda hospitali kubwa. Huko Kayitare akapimwa kwa kamera ndogo iliyoingizwa njia ya haja.

"Dokteri, ni nani alinitilia sumu?" aliuliza.

"Hakuna muntu, Mzee. Ni kansa ya utumbo mpana. Mara mingi inaota huku kwa mwisho, karibu na njia ya haja. Yako iko palepale. Ilianza zamani, polepole."

Kayitare akauliza tena habari ya sumu, akajibiwa vilevile. Akaambiwa pia kwamba atapasuliwa, na kwamba angekuja damu ilipoanza, kazi ingekuwa nyepesi. Akamgeukia mkewe, machozi yakimlengalenga.

"Mama Sauda, unisamehe."

"Nitakusamehe ukishapona," Mukakalisa alisema, uchungu bado umemjaa. "Miezi yote ulikuwa unaangalia mikono yangu. Mwili wako hukuuangalia hata siku moja."

Adui ambaye fundi alimsaka jikoni kwa mkewe alikuwa ndani ya tumbo lake mwenyewe. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.