Nani Alimtoa Evodi?

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso, maana hadithi hii siimalizi mimi.

Timu ya Nyundo ya Makambako ilikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mzee Kihongosi, msaka vipaji, akimtazama mchezaji dakika kumi keshamjua. Dokta Luhwago akishika goti, vidole vinamwambia lilivyo. Kocha Mgaya yeye alijaliwa mdomo, angeweza kumshawishi kipa akacheze mbele. Juu yao alikuwa mwenyekiti, Bi Eda, ambaye hakusaini usajili wowote mpaka wote watatu wakubali. Ndiyo ilikuwa desturi yao, na Bi Eda alijivunia sana desturi hiyo.

Msimu ulipoisha, Kihongosi alirudi kutoka mashindano ya mtaani huko Mafinga akihema. "Mama, nimeona mshambuliaji, anaitwa Sapuli. Akiruka, mabeki wanabaki kutazama soli za viatu vyake! Ila timu yake wanataka tubadilishane na Evodi."

Evodi alikuwa winga wao, mtoto wa nyumbani, mpiga krosi zote.

Luhwago akalishika goti la Evodi. "Limechoka, linataka kupumzika." Hakusema limekufa. Watu wakasikia walichotaka.

Mgaya akasugua mikono. "Nipeni huyo mrukaji. Mpiga krosi nitamtengeneza mwenyewe, wiki mbili tu."

Bi Eda akasaini.

Jamani! Mechi kumi, mabao mawili. Sapuli aliruka kweli, mpaka mashabiki wakambatiza Panzi, lakini bila mpiga krosi mpira ulikuwa unapita huko chini. Evodi akapumzika wiki tatu, akapona, akaja Makambako na jezi ya wenzao. Krosi tatu, mabao matatu. Siku hiyo Bi Eda hakula, na mimi simlaumu.

Dirisha dogo la usajili likafunguliwa. Siku ya mwisho, zikiwa zimebaki saa mbili lifungwe, Bi Eda alikuwa ofisini, anakaa, anasimama, anakaa tena. Timu aliyohamia Evodi ilikubali kurudishiana wachezaji. Akampigia Evodi.

"Shikamoo, mama. Kurudi natamani. Ila aliyenitoa nisimkute hapo. Nimecheza kwenu miaka sita, nikaondoka bila hata kuagwa."

"Marahaba, mwanangu. Nipe saa moja."

Akawaita wote watatu.

"Nilisema anaruka, na anaruka," alisema Kihongosi. "Nimedanganya wapi?"

"Nilisema goti limechoka, na lilikuwa limechoka," alisema Luhwago. "Nani alinisikia nikisema aondoke?"

"Mmoja kaniletea mrukaji, mwingine kaniambia winga ni mgonjwa," alisema Mgaya. "Nimepika nilichopewa."

Kisha Kihongosi akaivuta ile karatasi ya mabadilishano, akaigeuza taratibu. "Na sahihi hii, mama, ni ya nani?"

Bi Eda aliona aibu, na hasira pia. Akimtoa yeyote kati ya watatu, kibarua cha mtu mkweli kinaota nyasi. Akijitaja mwenyewe, anaiacha timu aliyoilea miaka kumi na moja. Asipotaja mtu, Evodi haji, na timu inashuka daraja.

Simu ikaita.

"Mama, muda unakwenda. Ni nani?"

Haya, nyinyi mlionisikiliza, simu hiyo ishikeni. Evodi yuko upande wa pili anangoja. Mngemtajia jina gani?